Mbwa Akinguruma, Weka Fimbo Chini

NEEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuko kwenye bakuli la mbwa. Umemwekea ugali na dagaa, mtoto anapita karibu, mbwa ananguruma. Mwenye nyumba anaokota fimbo. Kaka Baraka, kosa liko wapi hapo?

BARAKA: Kwenye fimbo, dada Neema. Kunguruma ni onyo. Ukimchapa kila anaponguruma atajifunza kunyamaza, lakini hofu ya kunyang'anywa chakula inabaki palepale. Siku nyingine atauma bila kutoa sauti, na watu watasema ameuma ghafla.

NEEMA: Na wala si ghafla.

BARAKA: Hata kidogo. Mtazame akila. Aliyetulia anatafuna kwa mwendo wake, shingo na mkia vimelegea. Mwenye wasiwasi, ukisogea tu, anaanza kubugia. Kisha anakoma. Kichwa kinabaki juu ya bakuli, mdomo umefungwa, mwili umekakamaa kama gogo, na jicho linakutazama kwa pembeni mpaka weupe wake unaonekana kama mwezi mwandamo. Kimya hicho cha sekunde moja au mbili kiogope kuliko kubweka.

NEEMA: Wengi hapo wanaangalia mkia tu. "Mbona anautikisa?"

BARAKA: Mkia ukitikisika, ujue amesisimka, iwe furaha au hasira, bado hujajua. Ukipepea kwa upana hadi kiuno kinayumba, na masikio yamelegea, huyo anakukaribisha. Ukiwa umesimama wima, unatetemeka ncha tu, na uzito wote ameuegemeza miguu ya mbele, usimnyooshee mkono.

NEEMA: Na miayo je? Mtoto anamkumbatia shingoni, mbwa anapiga miayo, anageuza uso, analamba pua na chakula hakipo.

BARAKA: Anaomba nafasi. Mbwa wengi hawapendi kubanwa. Mtoto amwite, amkune kifuani kwa sekunde 3, aondoe mkono. Mbwa akijisogeza mwenyewe, aendelee. Akigeuka, basi.

NEEMA: Turudi kwenye bakuli. Mwenye mbwa wa namna hiyo aanzie wapi?

BARAKA: Alitoe bakuli mlangoni na njiani, aliweke kona ambayo hapiti mtu. Hilo peke yake hupunguza mengi. Halafu mafunzo, na hii ni kazi ya mtu mzima, mtoto asiwepo kabisa. Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Katakata vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Simama pale ambapo bado anakula kwa utulivu, tuseme mita 3. Rusha kipande kando ya bakuli, ondoka. Mara 5 hadi 8 kwa mlo mmoja, zinatosha. Ukiona siku kadhaa mfululizo anainua kichwa kukutazama kwa hamu, mdomo wazi, mwili umelegea, sogea nusu mita.

NEEMA: Na inaharibikia wapi?

BARAKA: Kwenye haraka. Siku ya 3 mtu anaona mambo mazuri, anatia mkono bakulini kumjaribu. Mbwa anakakamaa, kazi yote inarudi nyuma. Akikakamaa usimkaripie, rudi kwenye umbali wa jana. Mfupa nao usimpokonye, badilishana naye kwa ini. Na yule aliyekuwa mpole akabadilika juzijuzi tu, mwite daktari wa mifugo kwanza. Jino bovu au sikio lenye usaha humfanya mbwa awe mkali.

NEEMA: Mtu akishaumwa?

BARAKA: Aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo na mbwa ni wa nyumbani. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo inafanya kazi kabla ya hapo. Na kadi ya chanjo ya mbwa aende nayo, daktari ataiulizia.