Kamera kuukuu ya lenzi mbili: nunua shata, achana na ngozi

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Poa. Hiyo inayozunguka mikononi mwenu ni Yashica-Mat 124G, ya Japani, ilikuwa inauzwa kuanzia 1970 mpaka 1986, na naomba kitu kimoja tu, msiguse kale kawenzo ka kujipiga picha mwenyewe. Kwenye kamera za umri huo hako ndiko kanakogandisha shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kupitisha mwanga, na ikiganda hapa hapa mkutano wetu utageuka karakana.

Najua inaonekana choka mbaya. Ngozi imebanduka, rangi pembeni imechubuka mpaka bati linaonekana, mfuniko wa juu una kovu la kudondoka. Ila inapiga picha safi kabisa. Na kuna nyingine huku kwenye begi, inang'aa kama imetoka dukani jana, haipigi kitu. Watu wengi wananunua hii ya pili, halafu wanakuja kwa fundi na uso umenuna. Kwa hiyo leo nataka tufuate mwanga tu, kuanzia unapoingia mpaka unapofika kwenye filimu, chochote kilichoko kwenye njia ya mwanga ndicho unachokilipia na ndicho unachokikarabati, kilichobaki kisubiri.

Sasa kwa wasioijua. Lenzi ya juu ni ya jicho lako, ya chini ni ya filimu. Mwanga ukiingia juu unagonga kioo kilicholala nyuzi 45, unapanda kwenye kioo cha ukungu, na wewe unainamia unaangalia kwa juu kamera ikiwa kifuani. Picha unayoiona iko wima lakini kushoto na kulia vimebadilishana, mtu akitembea kwenda kulia wewe unamuona anaenda kushoto, siku za mwanzo utamfuata upande usio wake mpaka ucheke mwenyewe. Kioo hakiruki kama kwenye kamera zile nyingine, kimetulia tu, kwa hiyo mlio pekee ni wa shata, kamlio kadogo sana. Rolleiflex ya Franke & Heidecke kule Braunschweig, Ujerumani, ndiyo iliyoingia sokoni 1929 na muundo huu, wengine wote wakafuata humo humo, Wajapani, Wachina wa Shanghai na Seagull yao, Warusi wa Leningrad na Lubitel. Vivian Maier, yule mama aliyekuwa analea watoto wa watu Chicago, alipiga mitaani miaka mingi na Rolleiflex na watu hata hawashtuki, na ukiishika utaelewa kwa nini, unamwinamia kamera badala ya kumkodolea mtu macho.

Haya, kununua. Iwe umeikuta onlaini, iwe kwa mzee mwenye studio anayefunga biashara, iwe ni ya urithi wa mjomba, usianze kwa kuuliza bei. Weka spidi kwenye sekunde moja, vuta shata, bonyeza, sikiliza. Shata nzima inalia zzzzz halafu inafunga, na inafunga kwa sekunde moja kweli. Ikilia zzz ikasita, ikaendelea, au ikabaki wazi, hiyo ina oili iliyoganda kwenye gia za spidi za chini. Si msiba huo, ni ugonjwa wa kawaida kabisa wa shata za zamani, lakini bei ishuke. Kama muuzaji yuko mbali mwambie akurekodie video ya shata inavyofunguka, na kama simu yake ina slomo ya fremu 240 kwa sekunde basi una mashine ya kupimia bure, sekunde moja ni fremu 240, moja ya 30 ni fremu 8, moja ya 60 ni 4. Ukipanda juu ya hapo fremu zinakuwa chache mno, usijidanganye kwamba unapima kitu.

Halafu fungua mgongo wa kamera, weka spidi B, ile ambayo shata inabaki wazi muda wote umebonyeza, bonyeza na ushikilie, washa tochi ya simu upande mmoja na wewe chungulia upande wa pili, kwa mshazari. Vumbi lipuuze. Jamani vumbi lipuuzeni, nimeona mtu kaacha kamera nzuri kwa sababu ya punje tatu za vumbi. Unachotafuta ni nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hizo ni fangasi, na ukungu mweupe uliotanda. Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, fangasi ni jirani yetu wa kudumu, hasa kama kamera imelala ndani ya mkoba wake wa ngozi kabatini. Mkoba unashika unyevu. Mkoba ni mzuri kwa kupigia picha ya mkoba.

Kitu cha tatu ambacho wauzaji wengi hata hawakijui: ubao wa mbele uliobeba lenzi zote mbili. Kamera ikidondoka kifudifudi ubao unapinda kidogo, macho hayaoni, lakini picha itakuwa kali upande mmoja na upande mwingine laini. Sogeza fokasi itoke mbele, pima nafasi kati ya ubao na bodi kwenye kona zote nne kwa kaliper. Kona zikitofautiana mimi naiacha, hata ikiwa bei ya chai. Kunyoosha ubao ni kazi ya mtu mwenye vifaa vyake na roho yake ya subira.

Mita ya mwanga? Achana nayo. Hizi zilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, haziuzwi tena, ukiweka ya alkalini ya volti 1.5 mita inakudanganya, wengine wanaweka betri ya vifaa vya kusikia yenye volti 1.4, inakaribia. Lakini kwenye simu kuna programu ya kupima mwanga, na kama huna, jua la utosini na filimu ya ISO 100, hiyo namba ni wepesi wake wa kupokea mwanga, weka f/16, yaani tundu dogo la lenzi, na spidi ya 1/125, umemaliza. Kamera isiyo na mita inayofanya kazi inauzwa rahisi na inapiga picha sawa na yenye nayo. Hapo ndipo pa kubania.

Sasa tumeinunua, iko mezani. Kabla ya yote, bisibisi. Skrubu za Kijapani za msalaba hazifanani sana na hizi za kawaida, ncha ya kawaida inaruka inakula kichwa cha skrubu, tafuteni bisibisi za JIS, yaani za vipimo vya Kijapani. Na skrubu hamzioni kwa sababu zimefichwa chini ya ngozi, ile ngozi ya mbele inabanduliwa taratibu kwa joto kidogo la mashine ya kukaushia nywele, kisha inarudishwa kwa gundi ya kawaida ya ngozi. Kila hatua piga picha na simu.

Tunafuata mwanga. Juu kwanza. Ondoa mfuniko, skrubu nne, kioo cha ukungu kinatoka, chini yake ndiyo kioo chenyewe. Mara nyingi kimekuwa na mabaka, unaona giza unafikiri lenzi mbovu. Na hapa naomba mnisikilize kwa sababu hili linaharibu kamera nyingi mno. Kioo hiki kimepakwa fedha kwa MBELE, siyo nyuma kama kioo cha chumbani. Ukikisugua na kitambaa, fedha inaondoka na kitambaa. Unapuliza vumbi, basi. Kikiwa kimekufa unaagiza kingine cha aina hiyo hiyo kinachopakwa mbele, unakata kwa kipimo cha kile cha zamani, na unene uwe ule ule. Fundi wa vioo atakwambia nakukatia cha dirishani hapa sasa hivi, mkatalie kwa heshima, kwa sababu cha dirishani mwanga unapita kwenye kioo kwanza ndio ukutane na fedha kwa nyuma, unapata vivuli viwili, na umbali wa mwanga umebadilika, kwa hiyo unachoona kimekaa kwenye fokasi huko juu, chini kwenye filimu hakijakaa.

Halafu shata. Fungua vioo vya mbele vya lenzi ya chini, utaona majani ya shata, vile vibati vyembamba vinavyofunguka na kufunga. Majani haya hufanya kazi MAKAVU. Narudia, makavu, ukiona mtu anakuja na kopo la oili ya cherehani mtoe nje. Unatumia petroli ya kiberiti, ile ya kujazia viberiti vya zamani vya utambi, siyo gesi, kidogo sana kwenye pamba ya kijiti, unapiga shata, unafuta, unapiga tena, mpaka pamba inatoka safi. Zile gia za spidi za chini ziko ndani zaidi chini ya pete ya spidi, nazo ni hivyo hivyo, tone moja, zikimbie, zikauke, halafu kama una oili ya saa basi ncha ya sindano kwenye ekseli tu. Mara nyingi hata haihitajiki. Fungua dirisha wakati unafanya hii kazi na usiwe na sigara, nadhani hilo sihitaji kulieleza.

Lenzi yenye fangasi: haidrojeni paroksaidi ya famasi changanya na amonia kiasi sawa, kitambaa laini, futa, suuza na maji safi, kausha. Na tafadhali, amonia isikutane na Jik, ile gesi inayotoka inaua. Fangasi wakiwa wamekaa miaka wanakula koti la lenzi, lile tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, kwa hiyo unaweza kuwatoa ukabaki na alama zao. Acha. Alama chache hazionekani kwenye picha, labda ukipiga kuelekea jua. Kuna watu wanataka kupolishi kioo, hao wanageuza lenzi kuwa kioo cha bafuni.

Sasa fokasi, ambayo kwangu ndiyo roho ya kazi nzima, kwa sababu kamera hii inakuonyesha kwa jicho moja na inapiga kwa jingine, yakigombana wewe ndiye utakayeumia. Fungua mgongo, bandika selotepu ile isiyopitisha mwanga wazi, yenye ukungu, juu ya reli pale inapopita filimu, iwe imevutika kabisa. Spidi B, lenzi wazi f/3.5, shata ishikiliwe wazi na waya wa kufyatulia wenye kufuli. Elekeza kitu cha mbali sana, mnara wa simu au mnara wa msikiti upande wa pili wa mji, zungusha fokasi mpaka mnara ukae kali kwenye selotepu, angalia kwa lenzi ya kukuzia. Usiguse tena fokasi. Angalia juu sasa. Mnara uko kali? Umemaliza, nenda kale. Hauko kali? Legeza viskrubu vidogo vinavyoibana lenzi ya JUU, izungushe hiyo mpaka ikubaliane na ya chini, kaza. Ya juu ndiyo inayofuata ya chini, usifanye kinyume.

Mwisho sponji za mlango, zimekuwa lami, kwangua, weka uzi wa sufu mweusi kwenye mfereji, mwanga hauingii.

Filimu ni ya 120, picha 12 za mraba, Ilford, Kodak, Fomapan ya Wacheki ndiyo nafuu, mimi naagizia watu wanaosafiri. Ya kwanza ni ya majaribio, kila picha uandike spidi na f. Na dawa ya kusafishia siyo lazima uagize, nyeusi na nyeupe inakubali kahawa. Msicheke! Lita moja ya maji, gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, 16 za vitamini C ya unga, 40 za kahawa ya unga ya kuyeyuka ya bei rahisi, Africafe ya Bukoba naona inafaa sana, dakika 15 kwenye nyuzi joto 20. Tatizo letu ni hizo nyuzi 20, maji ya bomba ya Dar yanakuja ya moto, kwa hiyo beseni na barafu. Dawa ya kugandishia picha ile ya fiksa lakini lazima ununue, hapo kahawa haisaidii. Na harufu, mwenye nyumba atauliza.

Maswali. Ndiyo dada, hapo katikati. Anauliza Seagull na Yashica ipi. Zote zinapiga, ila Yashica naona shata yake inavumilia zaidi, na vipuri unapata kwenye zilizokufa. Lubitel ni ya plastiki, nyepesi, fokasi yake kwenye kioo ni ya kubahatisha, nunua kwa kujifurahisha.

Mzee wangu pale mbele. Anasema ana ya marehemu kaka yake, haijafunguliwa tangu zamani, namba kwenye dirisha inasoma 7. Basi mzee hiyo ina filimu ndani! Usiifungue, hata nyumbani, hata usiku taa ikiwa imezimwa sebuleni, mwanga wa mlangoni unatosha kuiua. Zungusha mpini taratibu, ukisimama kwenye kila picha funika lenzi, bonyeza shata, uendelee, mpaka usikie mkazo umeachia, halafu endelea mpaka karatasi yote ijiviringishe, ndiyo ufungue kwenye kivuli, na ulambe ile gundi uifunge. Mpini ukigoma hata baada ya kubonyeza, usilazimishe. Ijumaa nipo, ilete hivyo hivyo tuifungulie kwenye chumba cha giza, na uniletee pia mkoba wake tuutupe.