Hebu Zima Redio

Asanteni. Nyie mliosimama kule nyuma, viti bado vipo.

Nianze na kitu kilicho chini ya usukani: tundu la pini 16. Marekani ililazimisha magari madogo mapya yawe nalo kuanzia modeli za 1996. Tangu hapo gari likiugua linajieleza lenyewe. Unachomeka mashine, linakupa kodi, yaani namba ya hitilafu, na sisemi ile ya TRA. Sisi tuliozoea kuisikiliza injini kwa bisibisi iliyobanwa sikioni tukaona kazi imetutoka.

Haikututoka. Chukua P0171. Maana yake mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo, basi. Haikwambii hewa imeingilia wapi, wala kama hewa haina kosa na pampu ya petroli ndiyo imechoka. Kijana wetu gerejini aliisoma, akataka sensa ya oksijeni ibadilishwe. Mwenye gari alishashika simu apige dukani. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna karanga kwenye benchi akasema, "Hebu zima redio." Tukasikia fyuuu, nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Mpira wa vakyumu ulikuwa umepasuka nyuma ya injini, hewa inaingilia hapo.

Msiondoke na hadithi ya mzee kumshinda kijana. Wiki ileile mzee alihangaika siku mbili na gari linalozimika njiani. Kijana akaliwasha, akaliacha lipate moto, akakodolea skrini mpaka akaona namba ya mizunguko ya injini inaanguka sifuri ghafla. Sensa ya krenki, ile inayosoma mizunguko hiyo. Hilo halisikiki kwa sikio la mtu yeyote.

Sasa linaloniudhi. Kuna gereji zinamweka mwenye mashine kwenye chumba chenye feni, fundi yuko juani. Karatasi ya kodi inapitishwa dirishani kama cheti cha dawa. Kila mmoja analipwa kivyake, kwa hiyo nani ana haja ya kumweleza mwenzake? Anayeumia ni saidia fundi. Zamani alishika tochi akaona mkono wa fundi unaanzia wapi. Leo anaona karatasi.

Kwetu tumeweka sharti moja: mashine haichomekwi mpaka wote waliopo wainamie boneti, na kila mtu ataje kwanza anachokishuku. Mzee analalamika kwamba tunachelewesha kazi. Kweli, tunachelewesha. Ila Jumatatu nilimkuta ameazima miwani ya mteja, anamuuliza kijana ile namba ya chini inasema nini.