Wiki nane mguu juu

SELE: ...haya tumerudi, simu nimezima, safari hii kweli. Da Neema, leo nataka tuongelee watu kulala hospitali mpaka kitanda kinawazoea. Binamu yangu dereva boda aligongwa akavunjika paja, wakamning'iniza mguu wiki 8. Nane!

NEEMA: Hiyo traksheni. Wanapitisha chuma chembamba chini ya goti, wanafunga kamba, wanatundika uzito, mfupa unavutwa ukae sawa mpaka uunge, mtu mzima ni wiki 6 hata 12 na muda wote huo umelala chali. Nimefanya wodi ya mifupa mimi, ukiingia asubuhi unakuta vijana wa boda wametundikwa kama buchani.

SELE: Si mfupa unaunga lakini?

NEEMA: Unaunga, ila mgongoni kidonda, goti limekakamaa, damu ikiganda mguuni ikapanda mapafuni basi tena, na wengine wanaamka mguu mmoja mfupi. Na boda imepaki watoto wanakula nini? Ukipigwa chuma ndani ya mfupa wenyewe, kesho yake fizio, yule wa mazoezi ya viungo, anakusimamisha na magongo, mambo yakienda sawa siku chache unaruhusiwa.

SELE: Ila nasikia opareshen hiyo inataka ile mashine ya kuonyesha mfupa laivu.

NEEMA: Kuna daktari Mmarekani, Lewis Zirkle, mwaka 1999 akaanzisha shirika linaitwa SIGN, chuma chao hakiitaki hiyo mashine, kina kama mkono wa nje unamuelekeza daktari tundu la skrubu liko wapi huko ndani. Hospitali inapewa bure, ikituma picha za mgonjwa mtandaoni wanaijazia vingine. Hapa Bongo vipo, Kenya vipo.

SELE: Basi shida imeisha.

NEEMA: (anacheka) Wapi! Chuma bure sio opareshen bure. Na foleni ya thieta je, na damu? Mtu anasubiri wiki mbili kitu cha masaa mawili. Hizo siku za kusubiri ndo uzikate kwanza, hapo humuumizi mtu. Sio kumtoa mgonjwa mshono bado unachuruzika eti kitanda kinatakiwa.

SELE: Binamu alipewa ruhusa Jumanne, katoka Jumatatu ya pili yake. Bili. Yuko kitanda kilekile ila dokta akipita anamruka.

NEEMA: Na kabla hajatoka kuna aliyemuuliza chochote? Nyumbani kuna ngazi? Dresing atabadilisha nani? Usiku akipata homa, usaha, mguu ukavimba au pumzi zikakata, anampigia nani?

SELE: Kapewa karatasi ya kliniki tu. Kufika home choo cha kuchuchumaa.

NEEMA: Na goti halikunji!

SELE: Nikachukua kiti cha plastiki nikakitoboa katikati kwa kisu cha moto.

NEEMA: Sele, miaka yote ile wodini hilo hatukuwahi kumwambia mtu.