Wasiwasi Upewe Saa Yake

Asalaam aleikum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma.

Nawaomba jambo moja. Kwa nusu dakika, msimfikirie punda.

Mnacheka. Hapa Lamu ni kuwaonea, maana hata ukimtoa kichwani utamsikia akilia kichochoroni. Lakini mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wagonge kengele. Kengele zikalia. Walipokuja kuruhusiwa, walimfikiria kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Ukilifukuza wazo, akili huweka bawabu wa kuchungulia kama limerudi, na kule kuchungulia ndiko kunakolirudisha.

Haya, tuseme ni karo. Saa nane za usiku mama yuko ndani ya chandarua, anajikaza: "Nisiwaze karo, nilale." Halali. Mara simu iko mkononi, anaangalia salio la M-Pesa, kana kwamba limeongezeka tangu magharibi.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake walieleza njia ninayoipenda kuliko nyingi: wasiwasi upewe miadi. Nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale. Ukikujia kabla, uambie ungoje zamu yake, nawe urudi kwenye kazi yako. Saa ikifika, waza kwelikweli. Baada ya alasiri panafaa. Usikae kitandani, wala kwenye baraza la kahawa. Pale utapewa wasiwasi wa watu wengine. Shika daftari: nadaiwa ngapi, nimwone nani shuleni, siku gani.

Huko kurudi kwenye kazi yako kunahitaji mazoezi. Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts mazoezi ya namna hiyo: kutulia na kuirudisha akili kwenye kilichopo sasa. Wewe fanyia kwenye boti ya Mokowe: sikiliza injini, sikia ubao uliokalia, chumvi mdomoni. Akili itatoroka mara moja. Irudishe bila kuisuta. Itatoroka tena, irudishe tena. Kuna wanaoniuliza kama hii ni dini ya watu. Anayehangaika kutafuta khushuu, ule utulivu wa moyo, katika sala anajua ninachosema.

Ila aliyekosa usingizi wiki baada ya wiki, chakula hakipiti, huyo asingoje daftari. Aende hospitali, tena asindikizwe.

Nipeni maswali. Tuanze na kina mama.