Bisibisi imegeuka sumaku? Tuutoe usumaku

Haya jamani, tazameni. Naichovya bisibisi kwenye kisahani cha skrubu, inatoka na ndevu! Kuna wanaoipenda hivyo. Mimi hapana. Na biti ya drili ndiyo usiseme: ikishika usumaku, chenga za chuma zinaganda kwenye makali na kukwaruza kazi.

Kupima ni dira tu. Sindano ikivutwa, usikimbilie kusema, maana chuma chochote huivuta. Jaribu ncha yake ya pili. Ikisukumwa, basi hiyo ni sumaku.

Koili yangu ya kutoa usumaku, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, hii hapa. Inatumia umeme wa ukutani, wenye mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo kila mara; ukiweka betri utazidisha tatizo. Umeme wa hezi 50 hugeuka mara 100 kwa sekunde, na kadiri unavyokitoa kifaa taratibu, kila mgeuko unakipata kwa nguvu ndogo kuliko uliopita, mpaka usumaku uishe.

Simu, kadi za benki na saa za mishale, mbali. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asisogee kabisa.

Nawasha. Mnausikia mvumo? Bisibisi inatetemeka mkononi, raha tupu. Naipitisha ndani, sasa navuta po-le-po-le, sisimami, hadi mkono unyooke wote. HAPO ndipo nazima. Usizime ikiwa ndani! Mimi nilizima mapema siku moja, patasi ikatoka na nguvu kuliko ilivyoingia, nikailaumu koili siku mbili. Kwanza toa, kisha zima. Toa, zima.

Tuone... loo. Imenasa skrubu moja. Mmeona wenyewe, sikati kipande hiki. Nilikuwa naongea, mkono ukaenda mbio. Turudie, na safari hii naizungusha kidogo huku naitoa. Toa... toa... bado... mkono umenyooka... zima.

Kisahani. Hakuna kitu! Na dira? Ncha zote mbili zinavutwa, hakuna inayosukumwa. Safi.

Najua mtaniuliza kuhusu moto. Ni kweli, chuma hupoteza usumaku kikifika nyuzi 770 za Selsiasi, lakini ugumu wa makali utakuwa umeshaharibika zamani. Utabaki na bisibisi ya kukorogea rangi.

Ngoja koili ipoe, imeanza kuchoma. Nina biti kumi na tisa zinangoja, na nazivuta moja moja. Asiye na subira aruke mbele.