Kuipima Chake Chake kwa kalenda ya jikoni

Assalaam aleikum. Wazee wangu, masheha wetu, walimu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Nianze nyumbani kwa mama yangu, hapa hapa Chake Chake, Pemba. Nyuma ya mlango wa jiko lake pana kalenda, ile ya bure inayotolewa madukani mwisho wa mwaka. Juu ya baadhi ya tarehe amechora duara kwa kalamu ya risasi, na pembeni kaandika saa: saa nane usiku, saa kumi alfajiri. Ndizo saa ambazo mfereji ulitoa maji. Mwezi mmoja niliyahesabu maduara, yakawa tisa. Mama hakuwa na habari ya utafiti. Alitaka kujua aamke lini kujaza madumu.

Siku zilezile nilikuwa na jedwali la sensa mbele yangu, lile linaloonyesha kaya zinapata wapi maji ya kunywa. Nyumba ya mama imo mle, katika safu ya wenye bomba. Na jedwali halikudanganya. Karani aliuliza chanzo cha maji, akatajiwa chanzo cha maji. Lakini jamani, bomba la kila siku na bomba la maduara tisa vipi vikae safu moja? Hilo ndilo lililonileta. Takwimu zetu nyingi zinahesabu kitu kilichopo, na mkaazi anaishi na saa ambazo kitu hicho kinafanya kazi, pamoja na mwendo wa miguu mpaka akifikie.

Kila mwaka mnasikia habari za miji bora ya kuishi duniani. Orodha inayotajwa sana inatolewa na kitengo cha utafiti cha kampuni ya The Economist ya Uingereza. Inapima miji 173 kwa mambo matano: utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu, na miundombinu. Vienna iliongoza 2022, 2023 na 2024, kisha 2025 ikaja Copenhagen. Orodha hiyo ina kazi yake, na moja ni kuyasaidia makampuni kukadiria posho ya mtumishi anayepelekwa kwenye mji wenye taabu. Yaani inauliza mgeni atasumbuka kiasi gani. Mama anayekaanga samaki pale sokoni kwetu hakuulizwa habari zake, na siwalaumu waliotunga. Swali la kwetu ni juu yetu kulitunga.

Na vya kutungia tunavyo. Sensa ya Agosti 2022 iliikuta Wilaya ya Chake Chake na watu 136,298. Ile ya 2012 iliikuta na watu 97,249. Watu 39,049 wameongezeka ndani ya miaka 10, sawa na asilimia 40. Kila mlipokuwa na watu watano, wekeni saba, halafu fikirini foleni ya hospitali, madawati ya skuli, na bomba lililotandikwa kwa ajili ya wale watano.

Angalieni lakini: hiyo ni hesabu ya wilaya nzima. Ndani yake imo Wesha na bandari yake, imo Vitongoji, yamo mashamba ya mikarafuu. Ukichanganya nyumba inayopata maji kila siku na isiyopata kabisa, wastani unakujengea nyumba ya tatu ambayo haipo popote kisiwani. Ndiyo maana nang'ang'ania shehia, eneo dogo kabisa la utawala kwetu, lenye sheha wake. Sheha anaijua njia inayojaa maji masika, anamjua mzee asiyeweza kushuka ngazi. Hesabu za watu kwa shehia zimetolewa hadharani, mtu yeyote anaweza kuzichukua.

Ziko pia picha. Kuanzia 2016 Zanzibar ilirusha droni juu ya Unguja na Pemba, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifunzwa kuzirusha. Picha hizo unaziona paa kwa paa. Mimi nikizitazama nasikia fahari, nasema wazi.

Ila picha ya juu inalaza mlima. Mji wetu umekaa mgongoni mwa kilima, mnaujua. Umoja wa Mataifa, katika kupima miji, unauliza ni watu wangapi wana uwanja wa wazi ndani ya mwendo wa mita 400. Mita 400 za wapi? Mwaka jana nilimshika mkono mama kutoka barabarani hadi nyumbani. Kwenye ramani nilipima baadaye, ni mita 300 na kidogo. Tulipumzika mara tatu, mara ya pili juu ya gogo la mnazi, na dakika 22 zilipita. Vipimo vya miinuko vipo bure pia. Chombo cha anga cha Endeavour cha Marekani kiliipima sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia Februari 2000, kwa miraba ya mita kama 30. Kwenye mraba wa mita 30 ngazi yenye matope haionekani, lakini mteremko mkali unaonekana, na hicho tayari ni kitu.

Na ile rangi ya kijani iliyo kando ya nyumba, ambayo mtu wa mbali ataihesabu uwanja wa watoto, mara nyingi kwetu ni bonde la mpunga. Masika watoto hawachezi humo.

Kwa maji wenzetu wa Umoja wa Mataifa wamefanya jambo ninalolisifu: chanzo salama kinahesabika huduma ya msingi pale tu kwenda, kupanga foleni na kurudi kunapokuwa hakuzidi dakika 30. Hapo wamepima muda. Umeme nao upimwe hivyo. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba 2010 ulitutoa kwenye majenereta ya dizeli, neema kubwa, na kila aliyeishi hapa kabla yake anaikumbuka. Sasa tuandike saa unazokatika.

Kazi yenyewe ni hii. Nimechapisha karatasi yenye safu za siku 30: maji yamefika saa ngapi, umeme umekatika saa ngapi, umetumia dakika ngapi kufika kituo cha afya na ulikuwa na nani. Usiandike jina, andika shehia tu. Nyumba 20 kwa kila shehia zinatosha kuanzia, na ziwe za juu na za bondeni, siyo za kandokando ya barabara pekee. Mwisho wa mwezi walimu wa hesabu watanisaidia kuziweka pamoja na sensa na ramani, na majedwali yatabandikwa kwa masheha, kila mtu ayasome.

Karatasi ziko pale mlangoni, na kalamu zipo. Atakayeanza usiku huu aandike saa maji yalipokuja. Yasipokuja, aandike hivyo hivyo.