Mwaka Mmoja wa Bima ya Mvua ya Mawe katika Nyanda za Kanada

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Nimeombwa nieleze jinsi wakulima wa nyanda za magharibi mwa Kanada wanavyokata bima ya mvua ya mawe, nami nimeona njia iliyonyooka ni kuufuata mwaka wao mmoja, tangu theluji inapoyeyuka hadi inaporudi. Nimefanya kazi ya kukadiria hasara huko Saskatchewan kwa misimu kadhaa, kwa hiyo mengi nitakayoyasema nimeyashika kwa mikono yangu. Ninaamini kabisa kwamba bima hii husimama au huanguka pale shambani, mtu anapopiga goti na kuhesabu mashina. Viwango, mikataba na mahesabu ya kampuni vyote vinategemea uaminifu wa hesabu hiyo.

Mikoa tunayoizungumzia ni mitatu: Alberta, Saskatchewan na Manitoba. Ardhi yake ya kilimo ilipimwa katika miraba tangu karne ya 19, na mraba mkubwa wa maili 6 kwa 6, uitwao taunishipu, umegawanywa katika seksheni 36 za ekari 640 kila moja. Mkulima wa huko hasemi "shamba langu la kaskazini" tu. Hutaja robo ya seksheni, yaani ekari 160, takriban hekta 65, kwa namba yake. Bila namba hizo bima hii isingewezekana kwa urahisi, kwa sababu mvua ya mawe haishuki kama ukame unaofunika mkoa mzima. Wingu hupita likikokota ukanda mwembamba wa uharibifu, na mara nyingi mtu husimama kwenye mpaka wa robo mbili akaona kanola, zao la mbegu za mafuta, iliyolala chini upande mmoja, na upande wa pili kanola inayochanua maua yake ya njano kana kwamba hakukunyesha kitu.

Hapo ndipo wengi huuliza: kwani serikali haina bima ya mazao? Inayo, na ni nzuri. Serikali ya shirikisho na ya mkoa hubeba asilimia 60 ya ada ya bima hiyo, mkulima akalipa 40, na majanga inayoyakinga ni mengi: ukame, baridi kali, mafuriko, wadudu. Lakini kwa msingi wake bima hiyo hutazama wastani wa zao zima la mkulima. Tuseme mkulima ana robo 10 za kanola na amekingiwa asilimia 80 ya mavuno yake ya kawaida. Mawe yakiifuta robo moja yote, na zile 9 zikazaa kama kawaida, wastani wake unabaki asilimia 90, naye hapati fidia kwa wastani huo. Robo ile alikwisha kuilipia mbegu, mbolea, dawa na dizeli. Bima ya mvua ya mawe hukatwa kwa kila ekari na huipima hasara mahali ilipotokea, bila kuuliza robo nyingine zimefanya nini. Kwa hiyo wakulima wengi hukata zote mbili.

Mwaka huanza wakati wa baridi, viwango vinapopangwa. Kila eneo lina historia yake, na kiwango cha ada hufuata historia hiyo, kiasi kwamba majirani waliotenganishwa na barabara moja wanaweza kulipa tofauti. Mkulima huchagua kiasi cha fedha anachotaka kukinga kwa kila ekari, na anaweza kupunguza ada kwa kukubali kuibeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara. Huko Saskatchewan utaratibu huu una mizizi ya kijamii ambayo mimi binafsi naiheshimu sana: mwaka 1917 halmashauri za vijijini ziliunda chombo chao wenyewe cha bima ya mvua ya mawe, na chombo hicho kimeendelea kuwahudumia wakulima kwa zaidi ya miaka 100. Watu walikwisha kuona kwamba hakuna kijiji kinachoweza kubeba peke yake hasara ya wingu moja, ila vijiji vingi vilivyotawanyika vinaweza.

Kupanda ni Mei. Mwezi wa Juni simu za mawakala huanza kulia, na huzidi siku ambayo mawingu yamejikusanya upande wa magharibi. Kinga kwa kawaida haianzi saa ileile ya kutia sahihi, kwa sababu hiyohiyo. Aliyengoja mpaka aone wingu amechelewa.

Tufike Julai, ambako ndiko kiini cha habari. Watu hupenda kuzungumzia mawe makubwa, na ni kweli yapo: tarehe 1 Agosti 2022, karibu na Markerville huko Alberta, liliokotwa jiwe la gramu 292.71, zito kuliko yote yaliyowahi kupimwa Kanada. Lakini kwa mazao, mawe madogo ya ukubwa wa njegere yakisukumwa na upepo mkali hufanya maangamizi makubwa zaidi, maana ni mengi na huja kwa mshazari. Hasara yenyewe hutegemea umri wa mmea. Ngano changa ikikatwa majani yote huweza kuchipua tena, kwa kuwa kitovu chake cha ukuaji bado kimo chini ya udongo. Kanola changa kitovu chake kiko juu, katikati ya yale majani mawili ya kwanza, na jiwe likikipiga mmea umekwisha. Ndiyo maana mkadiria hasara mwenye busara hakimbilii shambani kesho yake asubuhi. Hungoja siku 7 hadi 10, mimea ijionyeshe ni upi umekufa na ni upi ulioduwaa tu. Kungoja huku humuuma mkulima, naye ana haki ya kuelezwa sababu yake waziwazi.

Nakumbuka shamba moja la ngano iliyokwisha kutoa masuke. Mwenye shamba alikuwa mtu mzima kuliko mimi, na nilimwomba tuingie pamoja. Tulichagua sehemu kadhaa, mbali na kingo, kwa kuwa ukingo hudanganya. Kila sehemu tulihesabu mashina 100: yaliyovunjika kabisa, yaliyopinda chini ya suke, yaliyopigwa lakini yanayoendelea kupitisha maji. Yeye alihesabu kwa sauti, mimi nikaandika. Sehemu ya kwanza ilitoa 41 yaliyopotea, ya pili 28, ya tatu 33. Alikuwa ameniambia getini kwamba amepoteza nusu ya shamba. Tulipofika sehemu ya tano alikuwa ameacha kubishana, kwa sababu namba zilikuwa zinatoka kinywani mwake. Kwa mfano, kwa robo iliyokingiwa dola 200 kwa ekari, hasara ya asilimia 30 ni dola 60 kwa ekari, yaani dola 9,600 kwa ekari 160, kabla ya kutoa sehemu aliyokubali kuibeba. Anayekadiria akiwa amekaa ndani ya gari huivunja imani ambayo haiwezi kununuliwa tena kwa fedha hizo.

Agosti na Septemba zina hatari yake. Wapo wanaokata kanola na kuilaza mistarini ikauke kabla ya kupitisha kombaini, yaani mashine ya kuvunia, na katika siku hizo mawe huyapasua maganda makavu na kuzimwaga punje chini. Mkadiria hasara akichelewa na kombaini haiwezi kungoja, mkulima huacha vipande vya mstari bila kuvunwa ili vitumike kupimia.

Nimeulizwa kama utaratibu huu ungefaa huku kwetu, kwa mfano kwenye milima ya chai ya Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe ni ya mara kwa mara. Kenya ina uzoefu wa bima ya vipimo vya hali ya hewa. Mpango wa Kilimo Salama ulioanza mwaka 2009 ulitumia vituo vya hali ya hewa na simu za mkononi ili kuepuka gharama ya kwenda shamba kwa shamba. Kwa ukame njia hiyo ina mantiki. Kwa mvua ya mawe haitoshi, kwa maana kituo kinaweza kuwa kikavu huku shamba lililo kilomita 2 mbele limechanikachanika. Hapa hakuna budi mtu aende, na gharama ya safari yake iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Kampuni nayo ina hofu yake: kwamba wingu moja lipite juu ya wateja wake wengi kwa saa moja. Hivyo huweka kikomo cha fedha inazokubali kukinga katika taunishipu moja, na kwa yanayozidi uwezo wake hununua bima mtawanyo, yaani hujikatia bima yenyewe kwa kampuni nyingine.

Oktoba mavuno humalizika, na wakulima wengi hulipa ada majira hayo, wengine ikikatwa kwenye fidia yao. Kisha makaratasi ya shambani, pamoja na lile la mashina 41, 28 na 33, hurudi ofisini na kuingizwa chini ya namba ya taunishipu yake, na Januari ndiyo hayo yanayosomwa kupanga kiwango cha msimu unaofuata.